Washirika Mia Mbili wa Mjomba

Leo asubuhi nilikuwa nabandika namba kwenye viti vya maktaba ya chuo. Mkaguzi alitaka kuona viti sitini na chuo kina hamsini na nne, kwa hiyo vingine sita tulivibeba kutoka nyumbani kwetu. Kile cha Mama cha kushonea nikakipa namba sitini nikakisukuma hadi ukutani, maana kimeungua pasi mgongoni. Baba akapita na funguo zake, akakiangalia, akasema nikiulizwa ni kiti cha nani niseme ni kiti cha kukalia.

Baba ni msajili wa chuo. Chuo chenyewe kinafundisha wachungaji: madarasa manne, kanisa dogo, bweni, na nyumba tatu za wafanyakazi, moja ndiyo yetu. Shule zikifungwa mimi huwa mtumishi wa ofisini asiye na mshahara. Wananipa kazi za kubandika, kupanga na kubeba, kazi zisizo na mdomo. Nikisalimiwa naitikia, ila sauti inaishia kwenye meno. Mama anasema nikipokea simu, mtu wa upande wa pili anakata akidhani mtandao unasumbua.

Kilichokuwa kinatafutwa leo ni ithibati. Ni karatasi ya serikali inayosema chuo hiki ni chuo kweli na cheti chake ni cheti. Bila hiyo mtu anasoma miaka mitatu, anatoka na karatasi nzuri ya kutundika ukutani. Kuna ambao inawatosha. Dada yangu haimtoshi. Anamaliza mwaka huu, na hospitali kubwa imemkubali awe mchungaji wa wodini, yule anayekaa na wagonjwa na ndugu zao. Kwa mdomo kazi ameshapewa. Kwa barua wamesema wanasubiri ithibati ya chuo mpaka mwisho wa mwezi, ikikosekana wanachukua mtu kutoka chuo kingine. Gauni la kazi liko tayari. Mama ndiye aliyelishona, kwenye kiti namba sitini.

Mkaguzi alifika saa mbili, mama mmoja mfupi mwenye begi la mgongoni kama la kwangu la shule. Kufikia chai ya saa nne wanafunzi walikuwa wameshampa jina, Mama Ushahidi. Ukimwambia chuo kina maji anauliza ushahidi uko wapi, basi unafungua bomba. Viti alivihesabu kwa kidole kimoja kimoja, alipochoka akakaa kwenye kile cha ukutani, akasema hicho ndicho kizuri kuliko vyote. Baba akakohoa.

Mambo yalianza kuharibika ofisini kwa Baba. Mimi nilikuwa pembeni natoboa karatasi. Mkaguzi akauliza wanafunzi wa hapa wakihitimu wanakwenda wapi. Kanuni inataka saba kati ya kumi wawe wanafanya kazi waliyosomea. Baba akamkabidhi orodha iliyochapwa vizuri, wahitimu wote wa miaka kumi, kila mmoja na kanisa lake na idadi ya washirika wake, na kwa orodha hiyo ni tisa kati ya kumi. Mkuu wa chuo, mzee mrefu anayeongea kama yuko mimbarini hata akiagiza chai, akatabasamu akaegemea kabati.

Mkaguzi akasema, "Ushahidi?"

Baba akatoa faili nene. Najua lile faili, mashimo yake nilitoboa mimi. Ndani yake kuna majibu ya wahitimu, yamechapwa kutoka kwenye simu ya chuo, kurasa na kurasa. Mkaguzi akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, akaruka hadi katikati, akarudi mwanzo. Majibu yote yalikuwa neno moja. Amina. Amina. Amina sana. Amina, Mungu awabariki.

"Hii Amina," akauliza taratibu, "ni jibu la swali gani?"

Baba akamwangalia Mkuu, Mkuu akaangalia dari.

Hapo inabidi nieleze kuhusu kadi. Chuoni kwetu kila mhitimu ana kadi yake kwenye sanduku la mbao. Kila siku kwenye ibada ya asubuhi Mkuu anatoa kadi moja, anasoma, tunamwombea mwenye kadi. Ila hapa hatuombi kwa kuomba. Tunashukuru kabisa, kama vile kitu kimeshakuja, maana Mkuu anasema ukimwomba Mungu ukiwa na wasiwasi ni kama kumpa mtu mkono huku umeuficha mfukoni. Kwa hiyo anayetaka kanisa, kwenye kadi yake inaandikwa: tunashukuru kwa kanisa la watu themanini. Tukimaliza, Baba anamtumia mwenye kadi ujumbe: leo tumemshukuru Mungu kwa ajili yako na washirika wako themanini. Naye anajibu Amina. Mtu atajibu nini kingine?

Nimekaa kwenye ibada hizo tangu nikiwa nabebwa mgongoni. Nilikuwa najua kwamba kadi ni maombi. Na orodha ya Baba nilikuwa naijua, nimeibana pini mara nyingi. Lakini kwamba orodha ilitoka kwenye kadi, hilo halikuwahi kunijia kichwani, mpaka mkaguzi alipouliza Amina ni jibu la swali gani.

Mkaguzi hakukasirika, na hilo ndilo lilinitisha. Akasema hakuja kukagua sala, amekuja kukagua watu. Tuchague kadi kumi bila kuangalia, atawapigia hao kumi, akiwapata saba wanafanya kazi waliyosomea, ameridhika na chuo kinapita. Wasipofika saba, hakipiti. Akatafuta mtu wa kuchagua na kuandika majibu. Kuhusu Baba na Mkuu alisema hapana, hao wana maslahi. Macho yake yakanifikia mimi na kitoboleo changu.

Akaniuliza kama nasoma hapo. Nikatikisa kichwa. "Vizuri," akasema, "wewe huna upande."

Pale ndipo nilipotakiwa kusema kwamba msajili ni baba yangu. Maneno niliyapanga kabisa, matatu tu: huyu ni baba. Yakanikwama. Baba naye hakusema, sijui alidhani nimesema, sijui alisubiri niseme. Nikanyoosha mkono kwenye sanduku huku nimefumba macho kama niliyeambiwa nitoe nyoka.

Kadi ya kumi niliitambua nilipoiweka mezani. Mwandiko ulikuwa wa Mama, ule wa kulalia kushoto anaoandikia vipimo vya wateja. Tunashukuru kwa kanisa la mjini, washirika mia mbili, na amani ya moyo. Jina juu lilikuwa la Mjomba.

Mjomba ni mdogo wake Mama, wa mwisho kuzaliwa. Alisoma hapa, akawa wa kwanza darasani, na wanaokumbuka wanasema alikuwa akihubiri mpaka wapishi wanaacha sufuria motoni. Sasa hivi anaziba pancha. Ana kibanda karibu na kituo cha mafuta, matairi mbele, matairi nyuma. Kwa nini aliacha, hakuna anayeniambia. Nikiuliza, Mama anatafuta sindano. Ninachojua ni kwamba simu za chuo hapokei, za Baba hapokei, za Mama hapokei tangu nikiwa darasa la tatu. Mimi ananijibu, kwa sababu mimi sipigi, naandika, na siulizi kitu. Ananitumia vichekesho. Ananijibu kabla gundi ya pancha haijakauka, yeye mwenyewe ndivyo anavyosema.

Mwaka jana siku ya kadi yake aliniandikia hivi: "Nimeambiwa nina washirika mia mbili. Waambie nimewapanga nyuma ya matairi, ndiyo maana hawaonekani." Nilicheka. Nilijibu kwa vichekesho vitatu. Sikuelewa kwamba alikuwa ananiambia kitu.

Simu zikapigwa kwa spika. Nikachora mistari miwili kwenye karatasi, ndiyo huku, hapana huku. Wa kwanza alikuwa na kanisa kweli, na nyuma yake tulisikia watoto wa kwaya wanabishana. Kadi ilisema watu mia na hamsini, yeye akasema mia na ishirini, wengine wamehama. Ndiyo. Wa pili ndiyo. Wa tatu alikuwa mama anayelea wazee ng'ambo, akasema kanisani anakwenda Jumapili kama mtu mwingine yeyote. Hapana. Wa nne na wa tano ndiyo, wa tano akataka kumwombea mkaguzi palepale, na mkaguzi akanyamaza akaombewa, kalamu iko hewani.

Wa sita akacheka sana. Akasema yeye ni mwalimu wa hisabati.

Mkaguzi akamsomea kadi yake: kanisa, watu sitini, jengo la matofali.

"Hayo niliomba mniombee," akasema yule mwalimu. "Sikupata. Lakini kila mwaka mnanitumia ujumbe mzuri hivyo, nijibu nini, hapana? Najibu Amina. Na msiache kuniombea, dada."

Nikaandika hapana. Nilijikuta namwangalia Mkuu, nikidhani atainamisha kichwa. Hakuinamisha. Alikuwa anamsikiliza yule mwalimu kwa furaha, kama babu aliyepigiwa na mjukuu, akasema kwa sauti ya chini kwamba kijana huyu ana watoto sitini darasani. Sikujua kama anatafuta njia ya kutokea au anaamini. Mpaka sasa sijui.

Wa saba hapana, anauza bima. Wa nane ndiyo. Wa tisa ndiyo, na huyu kadi yake ilisema watu arobaini, yeye akasema ni mia tatu na hawana pa kukaa. Kwa hiyo kuna waliopata, kuna waliokosa, na kuna aliyepata mpaka pakafurika, na wote waliandikwa kwa kalamu ileile siku ambayo hakuna aliyekuwa na chochote. Nilitaka kumuuliza mtu hiyo inakuwaje. Hakukuwa na wa kumuuliza.

Sita ndiyo, tatu hapana. Mkaguzi akapiga namba ya kumi. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita tena. Niliona kabisa akilini ile simu ikitetemeka juu ya ndoo ya maji ya kupimia pancha, na Mjomba akiiangalia.

Mkaguzi akafunga begi. Akasema ana mkutano mchana, atampigia huyu wa mwisho kesho saa tatu asubuhi. Akipokea na kusema anachunga kanisa, ni saba. Akisema hachungi, au asipopokea, ni sita, na yeye ataandika sita. Akanishukuru, akaniambia nina mwandiko safi na nisome kwa bidii. Nikaitikia kwenye meno.

Mkaguzi alipoondoka, Baba alivua miwani akaifuta kwa tai. Nikamuuliza kama alikuwa anajua.

"Nilikuwa najua nini?"

"Kwamba ni maombi, Baba. Yale ya kwenye kadi."

Akaniambia kwamba kompyuta ilipoletwa chuoni yeye ndiye aliyezihamisha kadi zote, miezi sita, jioni baada ya kazi. Alipofika kwenye kisanduku cha "mahali alipo" hakuwa na kitu kingine cha kuandika. Akaandika tulichokuwa tunashukuru. Wakajibu Amina. Mwaka wa pili wakajibu tena.

"Mimi niliona yamethibitishwa," akasema. Hakuwa ananidanganya, namjua Baba akidanganya, anakohoa. Hakukohoa.

Mkuu yeye alikuwa bado ameegemea kabati. Baba akamwambia labda waandike barua, waeleze kwamba orodha ilikosewa. Mkuu akakataa kwa upole. "Tumemshukuru Mungu miaka kumi kwa ajili ya kijana yule," akasema, "leo nikakanushe mbele ya mama mwenye begi?" Kisha akanishika kichwa, akaenda kupiga kengele ya ibada ya mchana.

Nyumbani tulikula tumesimama, maana viti viko maktaba. Baba alieleza yote bila kuruka kitu. Mama aliposikia kadi ya kumi ni ya nani akaweka sahani chini. Dada akamuuliza, bila ukali, hiyo mia mbili aliitoa wapi. Nilidhani hatajibu.

"Nilihesabu mabenchi," Mama akasema. "Kanisa la mjini. Siku aliyohubiri pale akiwa mwanafunzi, yalijaa. Mabenchi ishirini, watu kumi kumi. Sikuongeza hata mmoja."

Baba alikuwa anaangalia mahali ambapo huwa pana kiti.

Baadaye Dada alinifuata jikoni nikiosha vyombo. Gauni lake limetundikwa nyuma ya mlango wetu, jeupe, bado lina alama za chaki ya Mama kwenye pindo. Dada si mtu wa kulazimisha. Ndiye aliyekuwa akinisemea dukani nilipokuwa mdogo, nilikuwa namnong'oneza yeye anasema. Akachukua kitambaa akaanza kufuta sahani ambazo zilishakauka.

"Mwandikie wewe," akasema. "Wewe ndiye anayekujibu. Apokee kesho, aseme ndiyo. Neno moja tu, mdogo wangu, halafu aendelee na matairi yake."

Nikamwambia nitaandika. Akaniuliza nitaandikaje. Nikasema sijui. Akacheka kidogo, akasema angalau siku moja katika maisha yangu nimuulize mtu kitu. Akanisukuma kwa bega. Nilipomwangalia vizuri macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni sabuni, na sabuni nilikuwa nayo mimi.

Nikakaa kitandani na simu. Mara ya kwanza niliandika alivyotaka Dada: Mjomba, kesho saa tatu mama mmoja atakupigia, sema ndiyo. Nikaisoma. Ilikuwa kama mimi pia sasa nimekuwa mwenye sanduku, namwandikia kitu ambacho hana ili naye ajibu Amina. Nikafuta.

Mara ya pili niliandika kwamba aseme ukweli. Nikaona gauni nyuma ya mlango. Nikafuta.

Na huo ukweli wenyewe sikuwa na uhakika nao. Likizo iliyopita nilimpelekea maandazi kibandani. Kulikuwa na dereva wa lori amekaa juu ya tairi, mzee kabisa, analia. Mjomba alikuwa amechuchumaa mbele yake na spana mkononi, hasemi kitu, kwa muda mrefu, na pancha ilikuwa imeshazibwa. Mwingine alikuwa anasubiri zamu, naye hakuwa na gari. Niliacha maandazi nikaondoka kwa sababu niliona aibu. Sasa kwa yule asiye na gari, Mjomba anaandikwa ndiyo au anaandikwa hapana? Kwenye karatasi yangu nilichora mistari miwili tu.

Nikijaribu kufikiria anasema ndiyo, namwona anasema kwa sauti ile ya vichekesho, halafu hanitumii kichekesho tena maisha yake yote. Nikifikiria anasema hapana, namwona Dada anakunja gauni. Nikifikiria hapokei, naona vyote viwili. Na mimi ndiye nitakayekuwa nimekaa pale na kalamu, yule ambaye hana upande.

Mwisho niliandika hivi, na nilituma haraka kabla sijaisoma:

"Shikamoo Mjomba. Kesho saa tatu asubuhi mama mkaguzi atakupigia akuulize kama unachunga kanisa. Ukisema ndiyo Dada anapata kazi hospitalini. Ukisema hapana au usipopokea, hapati. Ni mimi niliyetoa kadi yako, sikuangalia. Ile mia mbili ni Mama, alihesabu mabenchi siku uliyohubiri. Sikuambii useme nini. Nataka tu kujua, wewe mwenyewe ukiulizwa, huwa unajijibu nini?"

Tiki moja. Tiki mbili. Zikageuka bluu palepale, maana yake alikuwa ameshika simu.

Juu ikaandika anaandika. Ikaacha. Ikaandika tena anaandika, ikakaa hivyo muda wa kuziba pancha mbili, ikaacha.

Simu nimeiweka juu ya mto, kioo juu. Gundi ingekuwa imeshakauka zamani.